Mwindaji Aliyechagua Mtambo

Ndugu zangu, nitawatoa humu ndani kwa kitambo, niwapeleke mbugani, kisha nitawarudisha salama kabla jua halijawachoma.

Palikuwa na mwindaji mmoja katika mji wa bara, kule ambako mashamba ya mtama hukoma ghafla na mbuga huanza. Hakuwa mtu wa kuwinda kwa kujificha. Alikuwa na leseni yake, na kila msimu aliomba kibali, akapewa mnyama aliyeandikiwa, akaridhika naye. Umri wake ulikuwa umevuka hamsini, mvi zilikuwa zimeanza kumpigia hodi kidevuni, lakini magoti yake yalikuwa mazima na macho yake yalikuwa ya mwewe.

Watu wa mji ule walimjua kwa jambo moja kuliko yote: nyama yake haikuulizwa. Wazee wao walishika kauli ya tahadhari, kwamba mnyama aliyepigwa kwa risasi hawi halali mpaka mwindaji amdiriki angali ana pumzi, amchinje kwa mkono wake na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Akitangulia kufa kabla ya kisu, huyo kwao ni mzoga. Wako wanazuoni waliosema vinginevyo, nao wana dalili zao, kwa hiyo msije mkanizuia mlangoni baada ya sala kunisomesha fikihi. Ninasimulia habari za mji ule na walivyoishi.

Basi mwindaji mwingine akipita na nyama, alikuwa hapiti barazani salama. "Kaichinja nani? Alikuwa hai? Alirusha miguu? Nani alikuwapo?" Lakini ikisemwa, "Hii ni ya yule," swali lilifia mdomoni mwa muulizaji. Mashekhe walikula. Wajane walikula. Wasafiri waliopita wakakaribishwa walikula, wakashukuru, wakaenda zao. Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini. Nawauliza, ndugu zangu, iko heshima gani kubwa kuliko hii, kwamba watu waweke dini yao ndani ya vinywa vyao kwa kukuamini wewe?

Shida ilikuwa bunduki. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa kikongwe cha bunduki, ikipiga hatua mia na hamsini kwa taabu, na zaidi ya hapo risasi yake ilikwenda ilikotaka. Zamani hilo halikumsumbua, maana alijua kunyata. Lakini mbuga ilibadilika. Majani marefu yalichomwa moto mwaka hata mwaka, ng'ombe walizidi, vichaka vikapungua, na wanyama wakajifunza kumwona mtu angali mbali. Misimu miwili mfululizo alirudi na kibali mfukoni kama alivyoondoka nacho.

Na katika msimu huo wa pili binti yake, Mwanakheri, akaposwa. Siku ya posa, wazee wa upande wa mume wakiwa wamekaa juu ya majamvi, mwindaji alishikwa na furaha ya mzazi, akasema mbele yao wote, "Nyama ya karamu ya walima ni juu yangu. Nitaleta pofu mzima."

Mkewe alikuwa nyuma ya pazia. Wageni walipoondoka alimwambia, "Baba Mwanakheri, pofu mwenyewe yuko mbugani anakula majani, nawe umeshamgawa mapaja?"

"Nimesema, Mama Mwanakheri. Neno limetoka."

"Neno limetoka, ndiyo. Sasa bunduki yako italifuata neno lako huko lilikokwenda, au itaishia njiani kama kawaida yake?"

Mwindaji alicheka, maana mkewe alikuwa na haki ya kumtania, lakini maneno yale yalimwingia. Kesho yake alfajiri alifunga safari kwenda mji wa wilaya kwa fundi wa bunduki.

Fundi huyo alikuwa mtu wa makamo, si wa dini yake, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mikono iliyonuka mafuta ya chuma hata siku za sikukuu. Watu walisema akifyatua komeo la bunduki mara moja kando ya sikio lake, anakuambia maradhi yake kama tabibu apimaye mshipa.

"Nataka unitengenezee bunduki ya kupiga mbali," mwindaji alimwambia.

"Mbali ni wapi?"

"Hatua mia saba."

Fundi aliweka tupa yake chini. "Mzee wangu, kwenye hatua mia saba mtu mzima anaonekana kama sindano."

"Ndiko wanyama wanakonisubiri siku hizi."

"Basi kaa. Mtu anayetaka bunduki ya namna hiyo haji na kuondoka siku hiyo hiyo. Tutaanza na mtambo."

Mwindaji alitazama ukutani, ambako mitutu mirefu ilikuwa imening'inizwa. Yeye alikuwa ameifikiria mitutu njia nzima. "Hatuanzi na mtutu?"

"Kila mtu huniuliza hivyo," alisema fundi. Akachukua kutoka jiliwani, kile kibanio cha mezani, kisanduku kirefu cha chuma, chenye komeo linaloingia na kutoka. "Huu ndio mtambo. Hapa risasi huingia, na komeo hujifunga nyuma yake, ili moto ukilipuka uende mbele kwa mnyama, usirudi nyuma kwenye jicho lako. Mtutu utaliwa na moto, nitakuwekea mwingine. Kitako kitapasuka, nitakuchongea kingine, mninga haujaisha. Darubini itakuangukia siku utakapokuwa na haraka. Vyote hivyo vinashikwa na huu. Mtambo ukiwa mbovu, basi vingine vyote nimevifunga juu ya uongo."

Maneno hayo yalimpendeza mwindaji. Alikuwa mtu aliyependa kujua jambo linasimama juu ya nini. Akakaa.

Fundi alitandika kitambaa juu ya meza, akaweka mitambo mitatu. Wa kwanza ulikuwa mpya, mweupe, uking'aa kama sahani ya harusi. Wa pili ulikuwa mwepesi mno, uliotengenezwa kwa ajili ya watu wapandao milima. Wa tatu ulikuwa mweusi, umetolewa katika bunduki ya kiaskari ya miaka mingi iliyopita, umepigwa tupa upya na kunyooshwa, lakini haukuwa na uzuri wowote wa kutazamwa.

"Fumba macho," fundi alisema. "Tumia mkono."

Alifumba. Komeo la ule mweupe liliteleza kama samli juu ya kikaango cha moto, bila sauti, bila kukwama, hata mwindaji akatabasamu peke yake kama mtu aliyeonja asali. La ule mwepesi halikuwa baya, ila ulikuwa mfupi, na risasi ndefu ya kwenda mbali isingeenea ndani yake, kwa hiyo ukaondolewa. La ule mweusi lilicheza na kugonga-gonga lilipovutwa nyuma, kama mlango wa zizi.

"Nimechagua," alisema mwindaji akiwa bado amefumba macho. "Wa kwanza."

"Kila mtu huchagua wa kwanza. Nenda ukalale, urudi kesho."

Alirudi kesho yake, akachagua ule ule. Fundi hakubishana naye. Alitoka nje hadi kizingitini, akachota vumbi la barabara kwa vidole vyake vitatu, akarudi na kulinyunyiza juu ya mitambo yote miwili.

Mwindaji aliruka. "Fundi! Unamwagia mchanga chuma kizuri namna hii?"

"Kwani wewe utawindia msikitini, juu ya mazulia?"

Fundi akamsogezea ule mweupe. Komeo liliingia nusu, likasaga, likakwama. Lilikuwa limebana mno, kila kipande kikikaa katika kingine bila hata nafasi ya unywele, na chembe moja ya mchanga ilitosha kulisimamisha. Kisha akamsogezea ule mweusi. Komeo lililalamika kama mtu atafunaye wali wenye changarawe, lakini likaenda, likaingia, likafunga. Na lilipofunga, kule kucheza kote kukakoma. Likatulia kama jiwe.

"Tazama na hapa," fundi alisema, akimwonyesha ukucha mpana wa chuma ubavuni mwa komeo. "Ukucha huu huidaka risasi kwenye kitako chake tangu inapotoka katika ghala la risasi mpaka inapoingia mtutuni, na hauiachi mpaka uiachishe wewe. Hata ukiishika bunduki kichwa chini, risasi haianguki. Ule mwingine huisukuma tu mbele na kuitakia heri."

Mwindaji aliufungua na kuufunga mtambo mweusi mara nyingi. Mara ya ishirini hivi alianza kusikia kilichokuwa ndani ya ile kelele. Haikuwa ya ulegevu. Ilikuwa nafasi iliyoachwa kwa makusudi, na fundi wa kwanza aliyeuunda, ambaye huenda mifupa yake imekuwa udongo, alikuwa amelifikiria vumbi kabla vumbi halijafika. Akajisikia kama mtu aliyekuwa akimdharau mzee fulani, kisha akamsikia akizungumza.

"Huu," alisema, akiwa amefumbua macho mara hii.

Fundi aliandika katika daftari lake. Aliuliza urefu wa mkono wa mwindaji, uzito awezao kubeba kutwa nzima, jicho analolengea, na kama huwinda kwenye baridi au joto. Alikuwa mtu wa kuuliza. Mwishoni aliinua macho juu ya miwani yake.

"Liko jambo jingine ambalo bunduki hii lazima ilitimize, Mzee? Sema sasa. Baadaye itakuwa chuma."

Mwindaji alifikiri kweli kweli. "Ifike mbali," alisema, "na isinisaliti."

Hebu niambieni, mnaona kosa lolote hapo? Mtu alitaka ushauri kwa mjuzi. Hakufanya haraka. Aliacha kinachong'aa, akachukua kilicho imara. Mawaidha mengi yangefungwa hapa hapa, na mimi mwenyewe nimewahi kuyafunga mahali kama hapa: mtambo ni moyo, moyo ukitengemaa mwili wote hutengemaa. Ni maneno ya kweli, nayo yana asili tukufu. Lakini mwindaji wetu bado hajafika mbugani.

Miezi mitatu baadaye bunduki ilikuwa tayari, na karatasi zake zote zimekamilika. Mwindaji na shemeji yake, ndugu wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akiandamana naye mawindoni tangu ujana wao, walikwenda kuijaribu kwenye uwanda wa chumvi. Walisimamisha debe, wakahesabu hatua mia saba. Risasi ya kwanza ilipita kando. Ya pili ililigusa sikio la debe. Ya tatu ilipita katikati, na ya nne, na ya tano.

"Nenda ukalitazame," mwindaji alikuwa akisema kila mara.

"Shemeji, unapiga wewe, ninachoka mimi," alilalamika shemeji aliporudi safari ya tano, jasho likimtiririka. "Dada yangu angenionya kwamba nimemwoza kwa mtu atakayenigeuza tarishi wa debe!"

Wakacheka wote wawili, wakarudi nyumbani wamefurahi.

Zikabaki siku nne kabla ya walima. Kibali kilikuwa cha pofu mmoja dume, naye akishapigwa, kibali kimekwisha. Asubuhi na mapema walikaa juu ya ukingo wa korongo, upepo ukija usoni mwao, na ng'ambo, upande wa pili wa bonde, pofu alikuwa amesimama. Alikuwa dume la haja, shingo yake pana kama shina, ngozi ya kidevu ikining'inia kama kanzu ya kadhi. Hakuwaona. Kwa nini angewaona? Walikuwa mbali naye kuliko mtu yeyote aliyewahi kumtisha.

Mwindaji alilala kifudifudi. Alilisukuma komeo, akausikia ukucha ukiidaka risasi, akalifunga. Utulivu ule ule wa jiwe. Akasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," akakaza kidole.

Pofu alipiga magoti, akalala ubavu. Hakukimbia hata hatua moja.

"Kalala!" shemeji alipiga kelele, akimkumbatia. "Mahali alipokuwa! Hatua mia saba na zaidi! Shemeji, bunduki hii wataiandika vitabuni!"

Wakaanza kukimbia. Korongo lilikuwa na kina, na kingo zake zilikuwa za udongo unaomeguka. Waliteremka kwa makalio. Chini kulikuwa na miiba ya kikwata iliyofungamana kama wavu, wakazunguka kuitafuta njia ya nyani, wakaipata, wakapanda upande wa pili wakishika mizizi. Mwindaji alitangulia, kisu mkononi, kifua kikiwaka moto. Huko chini korongoni ndiko neno lilikoanza kumjia, kwanza kama kunong'onezwa, kisha kwa sauti. Maisha yake yote alipiga karibu kwa sababu bunduki ilikuwa dhaifu. Alipopiga karibu, alifika upesi. Hakuwahi kulichagua jambo hilo. Lilikuwa likifanyika lenyewe. Udhaifu wa bunduki ile kuukuu ndio uliokuwa umeitunza amana yake kwa miaka ishirini, naye akidhani ni uchaji wake.

Alipofika, inzi alikuwa ameshatua juu ya jicho la pofu, na jicho halikupepesa.

Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye ubavu. Ulikuwa na joto, lakini umetulia. Risasi ilikuwa imepita mahali pake hasa. Lau mtambo ungekuwa mbaya kidogo, lau mkono ungetetemeka, huenda mnyama angekuwa bado anapumua. Kazi nzuri ya mikono miwili mizuri, wa fundi na wake mwenyewe, ndiyo iliyomnyima nyama.

Shemeji alifika akihema. "Mchinje, basi!"

"Nimchinje nani? Mwenyewe ameshaondoka."

"Bado ana joto. Damu itatoka." Shemeji alitazama huku na huku, mbuga nyeupe mpaka upeo. Akapunguza sauti. "Shemeji, sikiliza. Watu mia tatu wamealikwa. Dada yangu ameshaazima masufuria ya mtaa mzima. Na nyama yako wewe, nani amewahi kuiuliza? Hapa tupo mimi na wewe na Mungu tu."

"Na hiyo 'tu,'" mwindaji alisema taratibu, "umeiweka hapo kwa ujasiri gani?"

Shemeji aliinamisha kichwa. Na mwindaji, ndugu zangu, msidhani hakuyumba. Alikaa pale na kisu mkononi muda wa mtu kusoma sura fupi tatu. Alimwona Mwanakheri. Aliwaona wale wazee juu ya majamvi. Alijiona akikata shingo ile, damu ikitoka ya kutosha, na hakuna hata mmoja katika mji mzima ambaye angemuuliza. Na hilo hasa ndilo lililomwinua. Hakuna ambaye angemuuliza! Wangekula kwa kumwamini, mpaka wajane, mpaka shekhe, na bibi harusi mwenyewe.

Akakirudisha kisu alani. Waliwapelekea habari watu wa kijiji cha nyuma ya kilima, wasio wa dini yao, ambao wana desturi zao, nao wakaja na vikapu. Askari wa wanyamapori akakifunga kibali, kwa kuwa mnyama wake ameshapigwa. Wawili wale wakarudi nyumbani na bunduki nzuri na mikono mitupu.

Uani kwake wanawake walikuwa wakimenya vitunguu na kuimba. Mkewe alimwona mlangoni, akaangalia nyuma yake kuona nani wamebeba nini.

"Nimempiga pofu, Mama Mwanakheri."

Vigelegele vilipaa. Yeye akainua mkono mpaka vikakoma. "Nimempiga kwa mbali mno. Nilipofika alikuwa ameshakufa."

Visu vikasimama. Kisu cha mtu mmoja kiliendelea kukata kitunguu, kisha nacho kikasimama.

"Kwa hiyo?" mkewe aliuliza.

"Kwa hiyo hatuna nyama."

Mama Mwanakheri alimtazama kwa muda. Kisha akajifuta macho kwa upande wa khanga, na haikujulikana kama ni kwa vitunguu au kwa jambo jingine. "Tuna mbaazi," alisema. "Tuna nazi kumi na mbili, na mchele umejaa. Enyi wanawake, mmekaa mnamtazama nani? Mbaazi hazijiloweki!"

Siku ya walima, watu mia tatu walikula wali na mbaazi za nazi. Kabla ya chakula mwindaji alisimama akawaeleza habari yote, na hakulipunguza neno, hata lile la shemeji, ila hakumtaja aliyelisema. Alisema alikuwa ameahidi pofu, na ahadi yake imeanguka, na anaomba radhi. Alitarajia minong'ono.

Baba wa bwana harusi, mzee mkavu asiyejulikana kwa maneno matamu, alinawa mikono yake polepole. "Nimekula nyama yako miaka ishirini bila kuuliza," alisema. "Leo sikuila, na ndipo nimejua ni kwa nini sikuuliza. Leteni mbaazi." Akala akaongezewa mara mbili.

Wiki moja baadaye mwindaji alikwenda kwa fundi, akamsimulia. Fundi alivua miwani yake kwa huzuni.

"Mtambo umekukosea?"

"Mtambo wako hauna kosa. Uliniuliza kama liko jambo jingine, nami nikasahau kukuambia lile kubwa."

"Basi utaiuza? Nitakupatia mnunuzi leo leo."

"Siiuzi. Ni bunduki njema, nami naipenda." Mwindaji aliipangusa kwa kiganja. "Ila sasa nitaipiga pale tu ninapoweza kumfikia mnyama angali na pumzi. Hatua mia mbili, pengine."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. "Mzee! Nimekuundia bunduki ya hatua mia saba, nawe utaitumia kwa mia mbili? Na hizo mia tano umezifanyia nini?"

"Hizo mia tano," alisema mwindaji, "nitazitembea kabla ya kupiga."

Ndugu zangu, sisi tunaoketi hapa hatuna bunduki. Wengi wetu hatujamwona pofu ila katika picha. Lakini ni nani kati yetu ambaye hajapiga kwa mbali?

Wazee wetu walipotaka kumlaumu mtu, iliwalazimu waende kwake. Njiani jua liliwachoma, hasira ikapungua. Walifika, wakapewa maji, wakamwona mwanawe mgonjwa amelala chumbani, na lawama ikawa nasaha. Hawakuwa bora kuliko sisi. Hawakuwa na namna ya kupiga mbali, na udhaifu huo uliwatunza. Sisi tumepewa simu. Tunalitupa neno kutoka kitandani, nalo linampata mtu katika mji mwingine, linapita mahali pake hasa, linamlaza papo hapo. Nasi tunajisifu: nimemwambia ukweli! Ndiyo, ulikuwa ukweli. Ulilengwa vizuri. Lakini neno la haki nalo lina adabu yake ya mwisho, mkono unaomshika yule uliyemwambia angali na pumzi ya kusikia. Ulikuwa wapi wewe alipoanguka? Ulichukua muda gani kufika? Au hukukusudia kufika kabisa?

Na si lawama peke yake. Baba anamkaripia mwanawe aliye masomoni kwa ujumbe wa mistari miwili, halafu analala. Jamaa amefiwa, tunamtumia picha ya mikono inayoomba dua, tukahesabu tumezika. Tunatoa fatwa juu ya ndoa ya watu ambao hatujakaa nao hata kwa kikombe cha kahawa. Tumekuwa hodari sana wa kuchagua maneno! Tunayapima, tunayanyoosha, tunayatia mafuta. Swali ambalo hatujiulizi ni kama miguu yetu itafika.

Sisemi tuvunje simu zetu. Mwenyezi Mungu akikupa uwezo wa kufika mbali, hiyo ni neema, na neema haitupwi. Nasema twende kwanza. Tumkaribie mtu mpaka tusikie anavyopumua, ndipo tuseme tulilonalo, na tukishasema tusiondoke.

Yuko mtu mmoja ambaye sasa hivi, ninapozungumza, uso wake umekujia. Umeshamwandalia maneno. Ni maneno ya haki, sina shaka. Usiyatume. Vaa viatu vyako, ukamgongee mlango, na Yeye aliye karibu nasi kuliko mshipa wa shingo atupe sote miguu ya kufika kabla ya ndimi zetu. Amin.